Mama Ananiita Hotelini

Jumatano, Tiwi

Leo tena hotelini wameupiga wimbo wa yule mwimbaji wa Norwe niliyekuwa nikimpikia. Siku moja alikuwa akirekodi barazani, na marehemu mama akaniita kutoka jikoni: "Mwanaisha! Wee Mwanaisha!" Yule mwimbaji akaomba aiache sauti ile ya mama ndani ya wimbo. Mimi nilicheka, nikamwambia haidhuru.

Haidhuru! Ningejua mama yuaenda...

Nilimsihi kaka wa baa aweke mwingine. "Dada, wageni wanaupenda huu," akasema, akaongeza sauti.

Kwetu mama akikuita huitiki moyoni, unaitika akusikie. Nilisimama na sinia kando ya bwawa, wazungu wanacheza, nikaitika: "Abee, mama."

Akaniita tena, kama hakunisikia.