Jezi ya Bluu Niliyorudi Nayo Kutoka Nansio

Magesa ndugu yangu,

Miezi minne imepita tangu tukuzike Nansio, kwenu kisiwani Ukerewe, na ni leo tu nimepata nguvu ya kukuandikia. Mara mbili nilianza nikachana karatasi. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Barua zote za timu uliandika wewe, katibu. Mimi mwenyekiti nilikuwa natia sahihi tu.

Bado nauona ule mkutano wa wanachama. Tajiri, yule mwenye kiwanda, alikuwa ameketi mbele, anatuahidi basi na mishahara ya wachezaji, ili mradi tumuuzie timu. Ukasimama ukasema, "Timu siyo ng'ombe. Ng'ombe ukishamuuza, huulizi tena analala wapi." Na mimi, niliyecheza beki mbele ya goli lako miaka yote ile, nikashika kipaza sauti nikakwambia, "Kaa chini, Magesa. Umaskini wako usitufunge sisi wote."

Watu walicheka. Ukakaa. Ilipofika kura, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu.

Tangu siku ile hukunichangamkia tena. Tulikutana sokoni Buhongwa nikakusalimia, ukaitikia kama unavyomwitikia mpita njia. Nikasema moyoni, atapoa tu. Nilidhani muda upo.

Sitaki kumsingizia mtu. Lile basi Tajiri alilileta, na wachezaji wanalipwa kila mwezi, jambo ambalo sisi lilitushinda. Lakini jezi yetu ya kijani aliiondoa, akaleta bluu ya kiwanda chake. Jina la timu alilibadilisha, tukalisikia redioni kama watu wengine. Ule uwanja wa mazoezi wa Mkolani, ambao wewe ulikuwa ukiumwagilia kwa ndoo, aliuzungushia ukuta, watoto wa mtaa wakabaki nje. Alinibakiza kwenye kamati. Niliyaona yote hayo, nikanyamaza.

Ulipofariki, alinituma mimi nilete rambirambi, pamoja na jezi mpya yenye jina lako mgongoni, iwekwe juu ya jeneza. Nikapanda meli nayo. Mkeo, shemeji Tabu, aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akalisoma jina mgongoni. Kisha akaikunja vizuri akanirudishia.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Ila hii siyo timu yake."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nikabaki nimesimama mbele ya jeneza lako na jezi mkononi, sijui niiweke wapi, ndugu zako wote wananitazama.

Niliporudi Mwanza niliipeleka ofisini kwa Tajiri. Nikamwomba, kwa kuwa watu wana uchungu, arudishe hata rangi tu. Hakufoka. Aliniambia taratibu, "Mzee Deo, mimi sikuiba timu ya mtu. Si wewe uliyenyoosha mkono wa kwanza?"

Nikaomba karatasi, nikaandika kujiuzulu palepale mezani kwake, kwa mwandiko wangu huu mbaya.

Siku hizi mashabiki wa zamani wakienda uwanjani, timu ikiingia wanageuka, wanaipa mgongo mpaka mpira uishe. Nilikwenda mara moja nikageuka pamoja nao. Tukafunga goli. Nililisikia tu nyuma yangu, na mwili wote ukataka kugeuka. Sikugeuka. Nililia, mtu mzima mimi, na jirani yangu naye alikuwa analia.

Ningekuja kwako ungali hai. Ilikuwa ni kutoka Buhongwa kwenda Mkolani tu, mwendo ambao hata jua halijakuchoma umeshafika. Sikuja. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mwezi ujao ni misa yako ya kumbukumbu. Nimemwomba shemeji Tabu nafasi ya kusema neno, amekubali. Nilikudhalilisha mbele za watu, kwa hiyo siwezi kukuomba radhi kwenye karatasi, nimejifungia chumbani. Nakuahidi nitasimama mbele ya watoto wako, niyarudie maneno yangu yale kama nilivyoyasema, bila kuyapunguza ukali. Ndipo niwaombe msamaha.

Wasiponisamehe nitaelewa. Lakini watoto wako hawatakua wakidhani kwamba baba yao ndiye aliyekosea.

Pumzika, ndugu yangu.

Deo