Chembe Nyeupe

Kitendaguro, Bukoba
17 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Kyaruzi,

Salaam nyingi zikufikie hapo Izimbya, wewe na shemeji na watoto. Natumaini kifua chako kimepoa na kahawa mmeshaianika. Mimi ni mzima, ingawa nyumba yangu haina mama.

Uliniuliza kwa simu kwa nini mke wangu Lilian yuko kwao Kimwani, nikakujibu kuwa anauguza. Haikuwa kweli. Nilimfukuza.

Mwezi wa tisa nilipata uvimbe wenye maumivu kwenye korodani. Tarehe 19 daktari aliuchoma sindano akatoa majimaji ya kupimwa. Cheti cha maabara nilikisoma mwenyewe: chembe nyeupe nyingi. Nikakumbuka baiolojia ya kidato cha tatu, kwamba hizo ni askari wa mwili. Askari hawakusanyiki pasipo adui. Mimi sijatoka nje ya ndoa. Basi ugonjwa kauleta nani?

Sikurudi kwa daktari. Nilifungua shajara ya kumchunguza Lilian. Tarehe 26, Alhamisi, karudi kutoka kwaya saa moja na dakika kumi. Tarehe 3 Oktoba, saa moja na nusu. Mwalimu Clavery wa kwaya kamsindikiza hadi kwenye migomba yetu. Tarehe 10, kacheka akisoma ujumbe. Tarehe 12 nilimwekea cheti mezani, nikamtaka amtaje huyo mwanamume. Alikisoma, akanitazama, akasema, "Kahangwa, ungemuuliza aliyekuchoma sindano." Nikaona ni ujanja, nikamwambia aondoke kwangu. Kesho yake alipanda gari la Muleba kwenda kwao.

Juzi maumivu yalinirudisha hospitali. Daktari alinigombeza kwa kupotea. Vijidudu havikuonekana hata kimoja. Alieleza kwamba mwanamume akifungwa uzazi, mbegu huendelea kutengenezwa. Zikikosa njia huweza kuvuja ndani, mwili ukaziona ni wageni, chembe nyeupe zikajaa kuzila.

Ndiyo, kaka. Nilifungwa uzazi tarehe 8 Machi 2022, baada ya Lilian kunusurika kufa akimzaa mtoto wetu wa nne. Nilimsihi asimwambie mtu, kwa aibu yangu. Ulipomtania mbele ya ukoo kwamba mgomba wake hautoi tena mkungu, alicheka tu, akasema amechoka. Mdogo wake ananiambia kwamba huko Kimwani baba yao amemuuliza Lilian kosa lake mara tatu. Hajanitaja, wala siri yangu.

Jumamosi nakuomba unisindikize Kimwani na rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaombe radhi. Kwa desturi wewe ndiwe msemaji. Safari hii ukishasalimu, niachie. Nitayasema yote mwenyewe mbele ya baba mkwe, hata la kufungwa. Lilian akikataa kurudi, sitamlaumu.

Wape wote wa nyumbani salamu zangu, na Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Kahangwa