Ng'ombe Watatu wa Kefa Waliokuwa Zizini Kwetu

BOMA LA DODOMA, KITUO CHA ASKARI POLISI

Maelezo ya shahidi katika shauri la Hasani bin Bushiri, msaidizi wa daktari wa mifugo, anayeshtakiwa kuuza dawa ya sotoka na kuwachoma ng'ombe maji matupu.

Jina: Loisi, mke wa Sila
Umri: hana hakika. Alizaliwa mwaka ule ng'ombe walipokwisha nchi nzima. Yapata miaka ishirini na miwili
Kazi: mkulima, ana mtoto mchanga
Makazi: Kikuyu, katika tembe la baba mkwe wake, Bartolomayo
Elimu: miaka miwili, shule ya misheni
Tarehe: 14 Julai 1913, saa tatu asubuhi, mbele ya Shaushi Mustapha

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja na mtoto wangu Anyesi, ana miezi minane, sina wa kumwachia. Akilia naomba nivumiliwe.

Mnamo tarehe 3 Juni, siku ya Jumanne, asubuhi, daktari Mdachi wa ng'ombe alifika kwetu Kikuyu pamoja na Hasani. Daktari alisema, Hasani akatufasiria. Alisema ametengeneza dawa ya kuzuia sotoka na anataka kujua kama ina nguvu. Ng'ombe kumi wa jirani yetu Kefa watachomwa sindano leo, na tena baada ya siku kumi na nne. Ng'ombe tisa wa Bartolomayo hawatachomwa. Ugonjwa ukija, ataona tofauti. Akaamuru ng'ombe asitoke zizi moja kwenda jingine mpaka yeye arudi.

Baba mkwe alisema, "Basi kwa Kefa wameandikiwa kupona, sisi tumeandikiwa kufa." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Daktari aliwaona ng'ombe wawili wa kwanza wakichomwa, kisha akaenda kukaa kivulini kwa sababu homa ilikuwa imemshika. Wanane waliobaki Hasani aliwachoma peke yake. Kesi yake iko hapo, kwa hao wanane. Lakini hakuwa peke yake. Kamba nilishika mimi na Ruthu, mke wa Kefa. Kila mara Hasani alivuta dawa kutoka chupa ile ile aliyoifungua daktari, akachoma shingoni upande wa kulia. Chupa haikutoka mbele ya macho yangu.

Alipomaliza nilimfuata. Mimi niliugua baada ya kujifungua na maziwa yangu yakakauka. Mume wangu yuko kwenye kazi ya reli, mbele ya Tabora. Mtoto huyu alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, mweusi. Nikamwambia Hasani, "Kaka yangu, nichomee huyu mmoja tu. Nani atajua?"

Akasema, "Mama Anyesi, nitajua mimi. Nikimchoma huyo, kitabu cha daktari kitakuwa cha uongo, na watu wa mbali watakifuata."

Nikamwambia, "Mwanangu hali kitabu."

Alimtazama mtoto, akafunga sanduku lake, akaenda. Siku hiyo nilimchukia. Nasema hivyo ili mjue sikuja hapa kwa sababu ya urafiki.

Mnamo tarehe 7 Juni, Jumamosi, mchana, tulikuwa kisimani tukinywesha. Ruthu akaniambia, "Ng'ombe wote kuwaweka zizi moja mwaka kama huu ni kuwatafutia kifo. Tupeane." Hilo si jambo geni. Kefa na baba mkwe wamepeana ng'ombe wa kulisha tangu mimi sijaolewa. Mmoja akipatwa na ugonjwa au wezi, wake wengine wako salama kwa mwenzake. Wazee wote wawili walikubali. Watatu wetu wakaenda kwa Kefa, mmoja wao yule mweusi wa maziwa, nami nikatumaini sindano ya pili itamkuta kule. Watatu wa Kefa wakaja kwetu.

Shaushi ameniuliza kama nilijua amri ya daktari. Nilijua. Shaushi ameniuliza kwa nini hatukusema. Hatukuona kama tunamdanganya mtu. Kwa Kefa walibaki kumi, kwetu tisa, kama alivyoandika. Daktari aliandika hesabu, rangi hakuandika. Sisi ng'ombe tunamjua kwa rangi na pembe zake.

Sotoka ilifika tarehe 14 Juni, kabla ya sindano ya pili, na sindano hiyo haikuchomwa tena. Kwetu walikufa wanne kati ya tisa. Kwa Kefa walikufa watatu, na hao watatu ndio wetu. Yule mweusi alikufa wa mwisho. Ruthu alikuja kuniambia, alisimama tu mlangoni nikajua. Watatu wa Kefa waliokuwa kwetu hata kukohoa hawakukohoa. Tangu siku hiyo mtoto wangu anakunywa maziwa ya mmoja wao.

Daktari aliporudi tarehe 9 Julai alikuta watatu wamekufa pale kwenye dawa. Alimgombeza Hasani mbele yetu sote. Kesho yake askari walimfunga mnyororo. Tumesikia atapigwa viboko ishirini na tano, kisha apelekwe pwani na wafungwa.

Jumapili, yaani jana, baada ya ibada nilimwambia baba mkwe kwamba nitakuja bomani. Alisema, "Hasani si ndugu yetu. Ukisema, watanifunga mimi, na ng'ombe wa maziwa wataondoka naye. Utampa nini huyo mtoto, uji wa mtama?" Nilimjibu kwamba sijui. Mpaka sasa sijui. Naomba iandikwe kwamba Bartolomayo ni mzee na amri aliyoivunja aliivunja kwa desturi, si kwa dharau.

Shaushi ameniambia, "Maneno ya mwanamke na mtoto mgongoni daktari hatayakubali." Basi asiyakubali, aende akapapase. Kila ng'ombe aliyechomwa ana kinundu chini ya ngozi, shingoni kulia, kama punje ya mahindi. Kwetu wako watatu: mwekundu mwenye paji jeupe, ndiye wa maziwa, wa madoadoa aliyekatika mkia, na mweupe wa pembe iliyoinama. Wengine wawili waliobaki hawana. Kama Hasani aliwachoma maji, aulizwe nani aliyewaponya hawa katikati ya wenzao waliokufa. Dawa ile ina nguvu. Nami nataka iletwe tena, na safari hii tuandikwe sisi.

Nimesomewa niliyoyasema, nami nimeyatambua kuwa ni yangu. Hakuna aliyenituma wala kunitisha. Naweka jina langu kwa mkono wangu.

LOISI

Nyongeza ya Shaushi Mustapha:

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, nilikwenda Kikuyu pamoja na daktari. Ng'ombe watatu waliotajwa walipapaswa, kila mmoja ana kinundu mahali aliposema shahidi. Wawili wengine hawana. Kwa Kefa, saba waliobaki wote wanavyo. Daktari alipapasa mara mbili, kisha akaomba kitabu chake.

Hasani bin Bushiri amefunguliwa mnyororo saa kumi na moja jioni.

Bartolomayo na Kefa wafike bomani kesho kujibu kuhusu amri iliyovunjwa.

Daktari ameamuru ng'ombe watatu warudishwe kwa Kefa leo hii na wasitoke tena. Nimesimamia. Shahidi alimfuata yule mwekundu njia nzima na mtoto mgongoni. Walipofika, mke wa Kefa alimkamua ng'ombe pale pale mlangoni mwa zizi na kumpa mtoto maziwa, akamwambia mama yake aje asubuhi na jioni. Sikuwazuia, kwa kuwa amri ya daktari haikusema lolote juu ya maziwa.