Tarumbeta Zilizomlilia Bibi Theodora Akiwa Hai

Ndiyo, Mjomba Uwesu, ni mimi yule wa tarumbeta za Isevya, uliyeniuliza kwenye safu yako ya ushauri gazetini wiki iliyopita kama nina akili timamu, na jibu ni kwamba ninazo, ila siku ile nilizisahau dirishani. Naomba unisaidie. Naitwa Kulwa, shule niliishia la tano, mchana nauza kava za simu Gongoni, jioni natunga muziki wa filamu kwenye chumba cha uani kwa bibi yangu Theodora. Sasa dada Shamila, muongozaji, kanipa filamu ya mpagazi wa zamani, kaenda pwani na mzigo wa pembe za ndovu, karudi Tabora kakuta wameshamlilia na matanga wameanua, nami nikasema hapa siweki ngoma ya kuchezeka, naweka fidla za kwenye kompyuta, zinapanda taratibu kama mtu na mzigo wake mlimani, zikitanguliwa na tarumbeta nne za kanisani kwetu Moraviani, zilezile tunazopiga mtu akifariki. Basi Jumamosi asubuhi joto, nikafungua dirisha, nikajaribu kwa spika kubwa, kufika kwenye fidla uani kumeshajaa kina mama na kuni na unga, "Theodora jamani! Katuacha!" na Theodora mwenyewe katoka jikoni na mwiko, anauliza, "Kafa nani?"

Mjomba, nilicheka. Tena ugali waliokwisha kuusonga kwa unga ule nikala. Bibi kasema nimemchuria: "Toa tarumbeta hizo, au toa virago vyako." Shamila anataka tarumbeta zibaki, na Ijumaa nakabidhi. Miaka sita watu wananiambia muziki wangu hauchezeki, huu ndio wa kwanza najua ni wangu kabisa, siutoi, lakini bibi ndiye kanilea. Nifanyeje?

*Kulwa, Isevya*

Kulwa, pole, ila adabu huna. Kutunga hujakosea. Umekosea kwa kucheka, halafu ukakosea tena kwa kula. Ugali wa matanga ya mtu aliye hai, na mboga ukaongeza! Usibishe, nimeambiwa.

Sasa sikia. Bibi kasikia tarumbeta tu, fidla zilimezwa na vilio. Mpagazi wako karudi kwao kakuta keshaliliwa. Tabora nzima hii, anayeijua hali hiyo ni bibi yako peke yake, na wewe unamkimbia! Kesho nenda na sukari na kitenge, piga magoti, "Shikamoo bibi, nimekosa," kisha funga mdomo mpaka amalize kukutukana. Akipoa, mvalishe hedifoni, dirisha likiwa limefungwa, umwonyeshe kipande chote. Muulize: alipotoka na mwiko akaona wanavyomlilia, moyo ulimwambia nini? Atakachosema, kitie kwenye fidla. Usitoe hata tarumbeta moja kabla hajasikia mpaka mwisho. Akisikia na bado hataki, zitoe, wala usinune. Filamu zipo nyingi, Theodora ni mmoja.

Na ninyi mliobeba kuni siku ile, tupatane. Bibi akikubali, siku ya kuonyeshwa filamu yeye anakaa kiti cha mbele, nanyi njooni kila mtu na kopo la unga. Atakayetoka macho makavu, anarudi na unga wake na kava ya simu juu, anayelipa ni Kulwa. Atakayelia, unga unabaki kwa Bibi Theodora, maana wa msiba wake wa kwanza mjukuu aliula wote.