Mimi Ninayecheka Msibani

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nachambua pamba tangu asubuhi. Safi huku, fifi, ile ya daraja la chini, kule. Hawa wanunuzi wapya hawajali, wanachanganya yote gunia moja, wanapima, wanaondoka na lori lao. Mimi nachambua hivyo hivyo. Sitaki mtu aseme pamba ya Mama Minza ina majani.

Minza yuko likizo. Mwalimu wa darasa la tatu. Msichana wa kwanza mtaa huu kumaliza kidato cha nne, na nitalisema hilo mpaka nizikwe. Mimi nimeishia la nne, lakini hati yangu ilisifiwa, na akili kaitoa kwangu. Shija wa Lalago anamwoa. Mahari imekubaliwa, ng'ombe wanakuja pamba ikishauzwa. Baba yake Shija, Mzee Luhende, ni mtu mpole. Alipokuja kuposa alikula ugali wangu akaomba tena. Nilimpenda hapo hapo.

Juzi tulimzika bibi wa jirani. Wanawake wamenisifu njia nzima ya kurudi. Eti Bariadi hii hakuna anayelia kama mimi. Mmoja kasema siku akifa yeye, kilio nianzishe mimi.

Hawajui. Hakuna anayejua. Mimi silii. Nacheka.

Jumanne, 9 Julai

Nimeshaanza, basi nimalize.

Nikipata uchungu mkubwa nacheka. Si furaha. Sijui ni nini. Kinaanzia tumboni, kinapanda, kinatikisa mbavu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, anazikwa mdogo wangu. Mama alinichapa pale pale kaburini. Tangu siku ile nikajifunza. Kanga kichwani mpaka chini ya kidevu. Pindo nang'ata. Kichwa magotini. Mabega yanacheza, machozi yanatoka ya kweli, maana kicheko nacho kina machozi. Sauti naimeza. Inayoponyoka inatoka kama kilio. Watu wananishika mgongo, wananipa maji.

Alipokufa Masunga wangu nilicheka mpaka kanga ikalowa. Nilimpenda sana yule mwanamume. Ndugu zake mpaka leo wanasimulia nilivyomlilia.

Ninayo na mengine. Daftari jipya nalinusa kabla ya kuandika, hata hili. Maziwa siyawezi, mimi binti wa mtu mwenye zizi. Nikipewa ugenini nampa paka. Ukoko wa wali naula nimesimama, kwenye sufuria, mlango umefungwa. Nikipita kwenye kioo cha duka lile jipya la mjini najisalimia, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, na ninajiitikia.

Sioni aibu. Kila mtu ana lake, anayesema hana ni mwongo. Shemeji Maduhu, mdogo wake marehemu mume wangu, mwenye sharubu na sauti ya kuamrisha, anaogopa chura. Nilimwona kwa macho yangu akipanda kiti.

Alhamisi, 11 Julai

Mzee Luhende amefariki. Dereva wa lori la pamba ndiye kaleta habari. Alikuwa anafunga magunia, akakaa chini kupumzika, hakuinuka.

Kicheko kimenijia hapo hapo jikoni. Nimezima moto kwanza ndipo nikakaa chini. Minza kajifungia chumbani. Simsikii.

Tunakwenda kesho, lori litatupitia. Minza hana cha kujitanda cha maana. Nimekimbia sokoni kwenye mitumba, nimemchagulia mtandio mweusi, laini kama umepakwa mafuta. Wa Ulaya huo. Mwanangu hatakaa mbele ya wakwe zake na kanga iliyofifia.

Jumapili, 14 Julai

Tumerudi. Kalamu naikandamiza. Kwa hasira, si kwa aibu.

Ilikuwa hivi. Wanawake tulikuwa ndani na mjane, Mama Shija. Minza wakamkalisha kando yake kabisa. Heshima kubwa, kila mtu aliona. Mimi nilikuwa upande wa pili, mgongo ukutani. Nilijifunga vizuri, kicheko changu nimekibana. Likaanza kutolewa jeneza. Nikachungulia chini ya kanga kumtazama mwanangu.

Nikaona mabega.

Nayajua mabega yale. Pindo mdomoni, kichwa magotini, pumzi inavutwa ndani. Mimi hakuna aliyenifundisha, na mimi sikumfundisha mtu. Mwanangu alikuwa anacheka. Miaka yote hii nyumba moja, kila mmoja chini ya nguo yake.

Na mtandio ule wa Ulaya hauna mshiko. Kanga hung'ang'ania nywele. Ule unateleza tu. Ukawa unashuka. Sikio likatoka. Shavu. Shangazi yake Shija akaona msichana anavyotetemeka, akasogea amfariji, akanyoosha mkono amwinue uso.

Sikufikiri. Nilisimama, nikavua kanga yangu kichwani, nikacheka. Kwa sauti. Kicheko chote nilichokimeza tangu utoto kilitoka, mbele ya mjane, mbele ya mwinjilisti. Wanaume wakachungulia dirishani. Wabeba jeneza wakasimama. Shangazi akamwacha Minza, akanigeukia.

"Mayu, unamcheka nani?"

Nilikuwa nacheka. Nikamwona Minza anavuta mtandio wake, anajifunika upya. Nikacheka zaidi ili wazidi kunitazama mimi.

Wakanitoa nje kwa kunishika mikono, kama mlevi. Kaburini sikufika. Mzee Luhende nimemzikia kwenye zizi lake, peke yangu na mbuzi.

Jumatano, 17 Julai

Habari imefika Bariadi kabla yangu. Kisimani wamesogeza ndoo zao. Wale wale waliotaka nianzishe kilio chao. Wanasema nimemla mzee wa watu, na mchawi ndiye hucheka akishashiba.

Nilijaza ndoo yangu taratibu. Niliwasalimia wote kwa majina. Nikasuuza kopo mara nyingine, ingawa lilikuwa safi. Waone siendi mbio.

Ng'ombe wamesimamishwa. Shangazi kasema hawawezi kuingiza damu ya namna hiyo kwenye ukoo. Shija kaja mpaka hapa kwa baiskeli ya kuazima, kakaa. Kasema mama yake hajatamka lolote. Kaondoka na vumbi lake.

Minza sijamwambia nilichokiona. Ila siku hizi ananiletea maji ya kunawa kabla sijaomba.

Jumamosi, 20 Julai

Shemeji Maduhu kaja na mpango.

"Tutasema malaria ilikupanda kichwani."

Nikamwambia malaria sina.

"Basi mashetani. Kuna mganga kule Bukundi, atakupunga, tutarudi Lalago na ushahidi."

Nikamwambia shetani sina. Nina kicheko.

"Shemeji, unatupotezea ng'ombe kwa ubishi."

Nikamwambia anayepotezewa hapa ni Minza, yeye Maduhu ng'ombe hao bado hana hata mkia wao. Akapandisha sauti. Akasema tangu azaliwe hajapata kuona mwanamke mzima anacheka maiti. Nikamwambia mimi nimepata kuona mwanamume mzima juu ya kiti, chura yuko chini.

Akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasema polepole, "Yule alikuwa mkubwa."

Niwe na malaria ya uongo nimtunzie nani heshima? Nikisema ni mashetani, kesho Minza akicheka watasema mashetani yamerithiwa, na mimi ndiye niliyeyakiri. Siendi Bukundi.

Jumanne, 23 Julai

Minza kaja jikoni, kasimama mlangoni kama mtoto wa shule aliyechelewa.

"Mama, nitakwenda kuwaambia. Siku ile ni mimi..."

Nikamkata. Nikamwambia siku ile aliyecheka ni mimi, watu wote waliniona, yeye mwalimu mzima hawezi kuja kubishana na macho ya Lalago nzima. Akabaki amesimama. Nikampa bakuli, nikamwambia ale.

Kala. Machozi yanaingia kwenye mchuzi. Machozi yapi sijui, sikumtazama mbavu.

Hatakwenda yeye. Akisema, pale nyumba hana. Mimi nyumba ninayo, tofali la kuchoma, na mume nimeshapata na kuzika. Wataninyang'anya nini? Wanaanua matanga wiki hii. Nitakwenda mimi.

Jumatatu, 29 Julai

Nimerudi jana jioni. Niandike yote.

Nilivaa gauni langu la kitenge la kwenye ubatizo. Kichwa wazi. Nilisuka nywele makusudi. Wazee walikuwa wamekaa nje, wanawake kwenye majamvi. Nilipoingia, mazungumzo yakafa. Nikasalimia, mwadila. Wachache wakaitikia.

Nikaomba kusema. Kaka yake marehemu akaruhusu, nafikiri alidhani naomba msamaha. Sikuomba. Nilisema mimi nikiwa na uchungu nacheka, ndivyo nilivyozaliwa. Nilicheka kwa mdogo wangu, nikacheka kwa mume wangu, na nitawacheka ninyi nyote hapa nikijaliwa kuwazika. Mzee Luhende alikula kwangu akaomba tena, nani tena ananiomba tena siku hizi. Kama kwenu uchungu una sauti moja tu, semeni, nimchukue mwanangu. Lakini mkimkataa, mkatae mtoto wa mwanamke aliyesimama mbele yenu bila kujifunika. Msimkatae mtoto wa mchawi, maana huyo hayupo.

Wakanung'unika. Shangazi akasema hajasikia ufedhuli kama huo. Nikamwambia sasa kasikia. Kaka wa marehemu akakohoa, akasema jambo hili ni la mjane.

Mama Shija akainuka kwenye jamvi. Akasema, "Niachieni huyu," akanishika mkono mpaka jikoni, akafunga mlango.

Amekonda usoni, lakini mkono wake ulikuwa na nguvu. Akanitazama.

"Kwa mumeo ulicheka kweli?"

"Mpaka kanga ikalowa."

Akatikisa kichwa. Halafu akafunua sufuria, akamega ugali wa baridi, akala. Akamega tena. Hakunawa hata mikono.

"Mimi tangu afe nina njaa," akasema. "Njaa ya mchana na usiku. Wanataka mjane awe hawezi hata uji. Wananinyanyua, wananiambia mayu jikaze, onja hata kidogo. Naonja kidogo. Wakitoka naingia huku kama mwizi."

Nikamtafutia mboga. Nikampashia moto.

"Siku ile ya kuzika nilikuwa na michembe mdomoni, vile viazi vya kukausha," akasema. "Kipande kikubwa kimekwama, siwezi kutafuna, watu wamenizunguka. Ulipocheka wakageuka wote. Ndipo nikapata kumeza."

Nilijibana nisicheke. Safari hii kilikuwa kicheko cha kawaida kabisa, na yeye kilimshika pia, tukaziba midomo kwa mikono yenye mboga. Nje walidhani tunalia. Nilisikia mtu akisema waacheni, wanapatana.

Akanawa. Akafunika sufuria kama haijaguswa. Akasema ng'ombe watakuja, shemeji zake wasipoafiki atawaswaga mwenyewe.

Nikaona tumemaliza, nikashika mlango.

"Na Minza?" akasema.

Nikasema Minza ana nini, Minza ni mwalimu, Minza alilia vizuri.

"Alikuwa kando yangu. Ubavu wake kwenye ubavu wangu."

Nilikuwa tayari kukana mpaka jua lizame. Yeye akawa anajipangusa makombo kifuani, punje moja moja, hana haraka.

"Mwambie akija kwangu asijibane vile," akasema. "Ataumia mbavu."

Jumamosi, 10 Agosti

Ng'ombe wamefika. Wazuri, yule mweusi mwenye nundu hasa. Maduhu anawasifu kama kawazaa yeye. Shangazi wa Lalago hakuja. Kisimani wengine bado wanasogeza ndoo. Wasogeze, pembeni pana nafasi.

Maneno ya mama mkwe wake nimempa Minza jana, kama yalivyo. Alikuwa anapiga pasi. Akasimamisha pasi hewani. Hakuniuliza kitu, nami sikuongeza. Baadaye akasema atamwambia Shija mwenyewe, kabla ya ndoa. Nikataka kumkataza. Nikakumbuka ni mtu mzima.

Sasa hivi yeye na Shija wamekaa nje, kwenye benchi la ukutani, nawaona dirishani. Minza kasema, nilimwona akisema, kainamisha kichwa kisha kakiinua. Shija kaokota kijiti, kakivunja vipande vipande. Nilikuwa nimeshika jembe, sijui la nini.

Halafu Shija naye kaanza kueleza kitu. Kirefu. Anaeleza kwa mikono miwili, anaonyesha shingo yake, anaonyesha juu, anarudia. Minza kamgeukia kabisa, anamsikiliza, mkono kauweka mdomoni.

Sijui lake ni lipi. Nikisogea kidogo nitasikia.

Nimefunga dirisha.