Kidole cha Dada Yangu

Foa, Haapai

Mpwa wangu mpendwa Akanesi,

Pokea salamu zangu mimi, ambaye siku hizi kisiwa kizima hakimezi kiazi kikuu bila kuniuliza. Hujambo huko Auckland? Na tumbo limefikia wapi? Sisi wazima, isipokuwa nguruwe wa mchungaji, amekonda.

Nesi Litia alitafuta mtu mwenye kichwa wa kumkabidhi mashine ya kupima sukari, akanipata mimi. Wengine walikuwa shambani. Ni kazi nzito, mwanangu. Kwenye ncha ya kijikaratasi chake kuna kimeng'enya, kitu kisichoonekana. Kikiguswa na tone la damu kinaikamata sukari, kinaiunguza kwa moto usiochoma, na mashine inasoma.

Basi nikampima mama yako. Unaijua heshima yetu: kaka hamkodolei macho dada yake, sembuse kumshika. Niligeukia ukuta, nikamtoboa kidole, nikakiminya. Kumi na tisa! Nikatangaza kwamba safari ya kuja kukupokelea mtoto haipo mpaka sukari ishuke, na faikakai marufuku, si matonge yake ya unga wala kulamba shira yake ya nazi. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyeniamuru. Siku hiyo niliamuru mimi. Alinijibu kwamba hata nguruwe hulishwa vizuri kabla ya kuchinjwa. Lakini alitii. Akala majani ya kuchemsha, na kila jioni akawa anakunjua nepi za mwanao na kuzikunja tena. Hapo nikaanza kukosa raha.

Jana Nesi Litia alikuja, akamnawisha mikono, akampima. Sita. Wanawake wa kwaya wakanishangilia, eti Semisi kamponya dada yake kwa majani! Nesi alicheka tu, akasema kile kimeng'enya hakiulizi kama sukari imetoka kwenye damu au imegandia kwenye ngozi. Nikageukia ukuta tena.

Kwa hiyo mama yako anapanda ndege Ijumaa. Ila wewe ujue, na mumeo asijue: siku ile ya kumpima, aliponitokea ghafla, nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli lake la faikakai. Nilijipangusa kwenye mkeka, nikamshika kidole hivyo hivyo. Ile kumi na tisa ilikuwa ya shira ya dole gumba langu.

Akitua, mpikie faikakai, bakuli kubwa. Mwambie mjomba ameruhusu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na huyo aliye tumboni.

Mjomba wako,
Semisi