Plasta Nyuma ya Kompyuta

Eliamini, mwanafunzi wangu,

Tangu uzikwe sijalitaja jina lako kwa sauti. Leo mistari inapanda na kushuka, lakini ni mwandiko uleule uliokuwa ukiunakili ubaoni. Binti yangu Naetwe alitaka kuniandikia nikamkatalia. Nililolifanya nililifanya peke yangu.

Kompyuta inaonyesha picha. Haikuwa na ubovu wowote.

Unakumbuka ulivyoipandisha huku kwetu Myamba, umeipakata kwenye gari kutoka kibanda chako cha ufundi kule Same kama mtoto mchanga. Miguu yangu ilikuwa imeshakataa kuteremka mlima, ukasema basi utaniletea barabara nyumbani. Ukaniwekea ule mchezo wa kuendesha malori, ukakaa kando yangu unanicheka. "Mwalimu, punguza mwendo, hiyo siyo njia ya shambani kwako." Kisha ukafungua ubavu wa boksi la kompyuta ukanionyesha kadi ya picha, ukaniambia ndiyo inayochora kila kitu ninachokiona, na kwamba ndiyo ya thamani kuliko vyote vilivyomo.

Neno hilo la mwisho ndilo nililobaki nalo. Ulipoondoka nilifungua tena, nikachukua sindano nikakwaruza msalaba mdogo pembeni mwa kadi, nijue ikibadilishwa. Hukuwa umenikosea lolote. Nilikuwa najiandaa tu.

Jumamosi moja nilichomoa waya zote nifute vumbi. Nikatandika juu ya boksi kile kitambaa cheupe alichofuma marehemu mke wangu, kama tunavyofunika redio na televisheni katika nyumba zote za huku. Nikarudisha waya, nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Nikakutumia boksi kwa gari la asubuhi. Jioni ukanipigia. "Kwangu inawaka vizuri, Mwalimu." Likarudi, nikafunika, nikaunganisha. Giza. Nikalituma tena, nawe ukasema yaleyale; likarudi, giza tena. Hapo nikajiuliza: kitu gani hiki kinachopona kikiwa Same na kufa kikifika Myamba? Nikapata jibu moja tu, kwa sababu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nilijua unaiwasha kwa kadi yangu ikiwa Same, kisha unaichomoa na kunipandishia mbovu.

Ulipiga simu tena ukauliza kwa upole, "Mwalimu, waya wa skrini umeuchomeka wapi?" Nilifundisha fizikia miaka yote ile, nikakufundisha na wewe, halafu uniulize nimechomeka wapi? Nikaona unanizungusha. Ulipoanza kusema, "Basi angalia nyuma, nimeku..." nikakata. Uliomba upande mlima uje uone mwenyewe, nikakuambia usikanyage uwanja wangu. Nilisema moyoni, anataka kuja kuirudisha kadi kwa siri.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe, maana kosa la waya ni la mzee yeyote.

Kabla ya kukupeleka kwa wazee wa usharika, nilifungua boksi nikamulika kwa tochi. Ule msalaba niliokwaruza ulikuwepo. Kadi ilikuwa yangu, Eliamini. Nikautazama muda mrefu, nikaanza kuutilia shaka hata msalaba. Labda umeuona ukaunakili. Labda umenyofoa vya ndani ukaniachia ganda. Nikafunga boksi. Siku ya kikao, pale nje ya kanisa, mmoja wa wazee aliniuliza kama nina alama yoyote kwenye kadi yangu. Nikasema sina.

Ulisimama umevaa lile koti la kahawia. Sikukutazama usoni. Ulisema, "Mwalimu ndiye aliyenifundisha umeme, siwezi kumbishia mbele ya watu. Ila sikuiba." Ukaomba wazee waje nyumbani, uiwashe mbele yao. Nikasema usiguse kitu, utaharibu ushahidi. Wakanisikiliza mimi, kwa sababu nusu yao nao niliwafundisha.

Baada ya hapo hakuna mtu wa Myamba aliyekuletea hata simu. Nilisikia umefunga kibanda chako pale Same, umehamia kwenye mashamba ya katani, unatengeneza redio za vibarua. Nilisikia unaumwa. Halafu nikasikia umekufa. Kwenye mazishi yako nilituma ujumbe kwamba miguu hainiruhusu. Siku ile miguu ilikuwa inaniruhusu.

Wiki iliyopita Naetwe alikusanya vitambaa vyote avifue, maana daktari amenipa siku chache na watu wataanza kuja. Nilikuwa kwenye kiti nyuma ya meza. Kwa mara ya kwanza nikaliona boksi mgongo wazi. Waya wa skrini ulikuwa kwenye tundu la juu, lisilotoa picha. Kumbe nilikuwa nainua kitambaa kidogo tu, nachomeka kwenye tundu la kwanza ninaloliona. Chini yake kuna tundu jingine, la kadi, linalofanana nalo kabisa, na kitambaa kilikuwa kinalifunika. Kando yake umebandika kipande cha plasta nyeupe. Umeandika kwa kalamu: "Mwalimu, hapa."

Ulijua. Ulijua nimekosea wapi, ukaniwekea alama mahali nitakapoiona peke yangu, ili nisiaibike mbele ya mtu. Nami nikaifunika kwa kitambaa, nikaenda kukuaibisha mbele ya watu wote.

Nilihamisha waya, nikawasha, nikafungua ule mchezo. Lori likatokea pale nilipoliacha, kando ya barabara, taa zinamulika. Nikaona haya, nikazima.

Nilijaribu kukushuku hata hapo. Nilijiuliza mbona hukusema kikaoni kwamba kuna plasta. Kisha nikakumbuka nani aliyekata simu, na nani aliyekataza wazee wasije. Nimetafuta mtu mwingine wa kumshuku nikamkosa.

Mkeo Nakunda nimemtumia ujumbe, amekubali kuja Jumapili. Hakusema zaidi ya hapo, na sikutegemea aseme. Vijana wa kwaya watanibeba na kiti hadi kanisani. Wakati wa matangazo nitaomba nafasi, nami nitasema mambo matatu kwa mdomo wangu: kwamba hukuiba, kwamba msalaba ulikuwepo, na kwamba nilidanganya. Nikifa kabla ya Jumapili, Naetwe ameapa kuisoma barua hii yote, bila kuruka mstari, Nakunda akiwa ameketi mbele.

Kitambaa kimekauka. Nimemwambia Naetwe akitandike mezani, boksi libaki wazi. Kila atakayekuja kunililia ataanza kwa kuusoma mwandiko wako.

Pumzika, Eliamini. Safari hii nimechomeka ulipoonyesha.

Mwalimu wako